Pengo la Vidole Viwili

4 Agosti

Kaka,

Kabla hujauliza: gari lipo, mama hajambo, nyumba imesimama, mimi nipo. Nimeanza na gari kwa sababu najua macho yako yangelitafuta kwanza.

Boksi lako limefika Jumanne. Dereva wa lori la vyakula alilitua mbele ya geti, akaniuliza, "Nguvu unazo?" Nikatikisa kichwa. Sijui alielewa ndiyo au hapana, maana alipanda lori akaondoka. Nimelisukuma mpaka barazani kwa makalio, hatua kwa hatua, na mama dirishani anacheka mpaka anakohoa. Ndani kuna springi nne za bluu na shokapu nne zenye nyuzi kama skrubu kubwa, na kila moja ina pete ya kuzungusha kwa spana. Kitabu cha maelezo kiko katika lugha ya darasani, kurasa arobaini. Nimekisoma chote. Mama aliishika springi moja kwa mkono wake mzima, akaipima uzito, akaniuliza, "Hii inapikwa kwa dakika ngapi?"

Mkono wa kulia bado unalala. Mguu unakubali, ukiubembeleza. Daktari wa mazoezi anasema kwa mtu aliyepigwa na kiharusi mwaka juzi, mama amefika mbali. Mzee Breki bado anavuka kutoka nyumba ya pili kila Alhamisi kutuendesha hospitali kwa gari la marehemu baba. Kampuni ya mabasi ilishamstaafisha udereva, lakini yeye bado ana abiria sitini nyuma ya kichwa chake. Akiona shimo anatangaza, "Shikilieni!" Gari zima tumo watatu.

Nina habari moja yangu. Nimepita, na chuo kimenipa nafasi, masomo ya tafsiri. Kuripoti ni tarehe kumi na mbili Januari. Mkataba wako huko mgodini unaisha Desemba, kama ulivyoahidi ulipoondoka, kwa hiyo imekaa vizuri: wewe unaingia, mimi natoka. Mama sijamwambia. Nataka umwambie wewe, kwa sababu mimi nikifungua mdomo maneno yanageuka yanarudi ndani.

Laiti mngeruhusiwa simu huko, ningekupigia. Ingawa wote tunajua ningekaa kimya mpaka salio liishe.

Mdogo wako,
Spika

25 Agosti

Spika wangu, bingwa wa makelele,

Hongera! Matokeo yako nimeyasoma kwa sauti bwenini, wanaume ishirini na wawili wamekupigia makofi. Mmoja alilia, lakini huyo hulia hata wali ukiungua.

Huku ni vumbi na ving'ora. Kikipigwa cha kwanza tunaamka, cha pili tunashuka, cha tatu tunapanda. Tukirudi bwenini tunaoga, na maji yanayotoka kwetu unaweza kujengea ukuta. Mwambie mama nakula vizuri na nimenenepa. Sijanenepa, lakini mwambie.

Sasa sikiliza kwa makini. Gari lipeleke kwa Fundi Chini, yule wa nyuma ya soko, si kwa mwingine. Wengine wanakata springi kwa msumeno, wanakuachia gari linaruka kama chura. Chini anafunga vitu kwa adabu. Kwenye barua hii kuna bahasha mbili ndogo. Ya kwanza ni malipo ya kufunga. Ya pili ni ya kurekebisha, na hiyo usimpe hata akikuangalia kwa huruma. Springi mpya zinahitaji wiki mbili za kulala, ndipo gari linarudi gereji, anazungusha zile pete mpaka kona zote nne zinakaa sawa. Hapo ndipo unampa.

Mwambie ashushe vidole viwili. Usisahau. Vidole viwili, basi.

Mzee Breki alipeleke, wewe kaa naye pale. Mwishoni mwa Septemba dereva wa kampuni atapita huko, namwamini, nimemwomba alichukue gari aniletee. Barabara za kambi ni lami tupu, jamaa wana magari yamelala kama paka juani, na mimi napita kwa miguu. Nawe usihofu kuhusu Alhamisi, nitawatumia nauli ya teksi.

Msalimie mama. Mwambie ile springi haiivi.

Kaka yako

19 Septemba

Kaka,

Mama anaendelea. Juzi alifunga kifungo kimoja cha blauzi kwa mkono wa kushoto peke yake, akaniita nikione kana kwamba amezaa. Vingine sita nilifunga mimi. Kuku wa jirani wamerudi kulala kwenye boneti. Nilimwambia mama gari litakuja kwako, na kwamba kuna teksi. Alisema, "Sawa." Unaijua ile sawa yake.

Kazi ya kufunga imekwisha. Tulimwacha mama na shangazi, tukaenda Jumatatu asubuhi. Gereji ya Fundi Chini ni yadi moja yenye paa la bati upande mmoja, sakafu nyeusi kwa oili, na kiti cha basi kilichong'olewa ndicho kiti cha wateja. Mzee Breki alipokiona alikikalia mara moja akashika usukani ambao haupo. Fundi mwenyewe ni mfupi, suruali imejikunja magotini, anaongea akiwa chini ya gari kwa hiyo unazungumza na viatu vyake.

"Gari la nani hili?" vikauliza viatu.

"La kaka."

"Kaka yuko wapi?"

"Mbali."

"Ongeza sauti, dada, humu kuna kompresa."

"Mbali!" akapaza mzee Breki kwa niaba yangu, mtaa mzima ukasikia kwamba uko mbali.

Kisha fundi akatoka uvunguni akanipa fomu ya kujaza. Fomu zake zimechapwa katika lugha ya darasani, alizipata bure aliponunua jeki kubwa. Yeye haisomi lugha hiyo. Anayeisoma ni mkewe, naye alikuwa amesafiri. "Basi leo karani ni wewe," akasema. Nikajaza: aina ya gari, mwaka, rangi, vipimo. Aliniuliza maswali mawili matatu, nikamjibu kwa neno moja na kichwa.

Alifanya kazi mpaka saa tisa alasiri. Springi za baba zilipotoka zilikuwa na kutu rangi ya chai, akazilaza kwenye gunia moja moja, kwa heshima. Mpya zikaingia. Aliposhusha jeki gari likakaa chini taratibu kama mtu mzima anayetafuta mkeka. Fundi Chini akachuchumaa, akaingiza vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Vikaingia, cha tatu kikakataa. "Kipimo humu ni vidole vyangu," akasema, "na vidole vyangu vimeridhika." Nikampa bahasha ya kwanza. Ya pili ninayo ndani ya kamusi.

Kuingia getini lilikwaruza, lakini liliingia.

Kaka, nina swali moja tu. Gari likija huko, Desemba utarudi nalo?

Spika

10 Oktoba

Wewe mtoto,

Salamu kwanza, maana nililelewa. Mama hajambo? Kifungo kimoja si haba, mwambie nampongeza.

Haya. Dereva wa kampuni amerudi mikono mitupu. Anasema alipiga hodi, ukamfungulia, ukasimama nyuma ya mlango kama fagio. Anasema alilala kifudifudi atazame chini ya gari, na chini hakuipata! Amewasimulia bweni zima. Sasa hivi jina langu hapa ni Bwana Kapeti.

Nilisema ashushe vidole viwili. Ashushe viwili! Lilikuwa na sita, vibaki vinne. Sikusema vibaki viwili. Anasema barabara ya kuja huku, saa tisa za mashimo, lingeacha tumbo njiani kabla ya kituo cha kwanza cha mafuta. Kwenye hiyo fomu uliandika nini? Ile lugha umeisoma miaka kumi na miwili, umenishinda mimi, umewashinda walimu wako wengine. Au Chini ndiye aliyejichanganya? Nijibu.

Springi zimeshalala, lipeleke likarekebishwe lipande vidole viwili. Bahasha unayo. Dereva atapita tena mwishoni mwa Novemba.

Kuhusu Desemba, acha kwanza. Mambo ya huku yana mlolongo wake. Usinibane, nina watu wa kutosha wa kunibana.

Kaka yako

2 Novemba

Kaka,

Leo salamu nitaziweka mwishoni. Nikianza nazo nitaishia hapo hapo.

Barua yako ilifika Jumatano. Kesho yake ilikuwa Alhamisi ya hospitali, tukapanga kwamba mama akimaliza mazoezi tupitie gereji. Gari lilikuwa limeshuka zaidi, zile springi zililala kwelikweli. Alhamisi zilizotangulia tulikuwa tunatoka kwa kukwaruza, na mzee Breki akisikia mkwaruzo anafumba macho, jambo ambalo dereva hatakiwi kufanya.

Unalikumbuka geti letu. Baba alisimika zile nguzo mbili kwa kipimo cha gari hili hili, vioo vikiwa vimekunjwa, halafu katikati akamwaga tuta la zege kuzuia maji ya mvua. Matairi ya mbele yalivuka tuta. Kisha tumbo likakaa juu yake, puu, na matairi ya nyuma yakabaki yanazunguka bila kushika kitu. Mzee Breki akaweka gia ya nyuma, ekzosi ikanasa. Akajaribu kufungua mlango wake, ukagonga nguzo. Wa mama, nguzo. Wangu wa nyuma unafunguka upana wa kiganja, kisha ukuta. Madirisha ya mbele, unajua, hayajashuka tangu baba yupo. La kwangu linashuka nusu.

"Abiria, tulieni," akasema mzee Breki. Akapiga honi. Honi yetu ina sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "wewe ndiye mwenye dirisha. Toa mdomo uite watu."

Kaka, nilitoa mdomo. Alipita mama mmoja na beseni, nikamtazama. Wakapita wanafunzi watatu. Akapita mwanamume na baiskeli, akapunguza mwendo, akauliza, "Nyie mnauza nini hapo?" Nami nikainamisha kichwa. Sauti ilikuwepo, ilifika hapa kooni, nikawa nachagua neno la kuanzia. Samahani? Jamani? Hodi? Hodi unapigaje ukiwa wewe ndiye uliyemo ndani?

Mama akasema polepole, bila kugeuka, "Mwanangu, nataka kwenda chooni."

Nikasema, "Sawa, mama."

Akasema tena baada ya muda. Mara ya tatu hakusema. Dakika ishirini nilikuwa na dirisha nusu na watu wanapita, na mama yangu alinisubiri dakika zote ishirini. Kisha nikamwona bega linashuka, akasema, "Basi." Hakulia. Alikuwa anakitazama kioo cha mbele kama anasoma kitu kimeandikwa pale.

Mzee Breki aligeuza uso wake kwenye nguzo, akaanza kusimulia kwa sauti kubwa habari za abiria aliyepanda basi lake na mbuzi akimwita shemeji. Hadithi ndefu, haina kichwa wala miguu. Alikuwa anasimulia ili tusisikie kitu kingine. Sitamsahau kwa hilo.

Yule wa baiskeli ndiye aliyerudi mwenyewe, na wapakia matofali wanne. Wakainua nyuma, na sisi tumo ndani. "Gari dogo hivi, zito hivi," mmoja akasema, "mmeficha nini humo?" Wakacheka wote. Mama akacheka nao. Hicho kicheko chake sikitaki kukisikia tena.

Sikwenda gereji. Hospitali hatukwenda. Gari liko nje kwa mzee Breki, mama nimemwogesha, na amenishukuru.

Sasa nijibu ulichouliza. Fundi Chini hakujichanganya. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza pengo litakalobaki kati ya tairi na madigadi. Neno lenyewe nalijua kama jina langu, limo hata kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa wa sita. Fundi aliniuliza, "Hapo wanataka nini?" Nikasema, "Pengo." Akaniuliza, "Vibaki viwili? Una hakika? Kwenu hakuna tuta?" Nikatikisa kichwa, na safari hiyo nilijua ninachotikisa.

Mtu anayeagiza gari lake limfuate, harudi. Niliisoma barua yako ya Agosti mara nyingi nikitafuta Desemba, sikuipata. Nikafikiri, gari likishindwa kusafiri, utakasirika, utakuja kuliona mwenyewe. Ukishafika getini nitakuwa na muda wa kukuambia. Nilishindwa kukuandikia neno rudi, kaka. Neno la herufi nne. Nikaandika 2 kwenye fomu ya gereji.

Sasa naliandika. Rudi. Tangu mwaka juzi sijalala nje ya chumba cha mama. Nampenda, na kuna asubuhi nasimama na kile kifungo cha mwisho mkononi nahisi mimi ndiye ninayefungwa. Chuo hawatanisubiri baada ya tarehe kumi na mbili. Rudi kama ulivyosema.

Salamu: mama hajambo.

Spika

6 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini mama anaendelea vizuri, na kwamba ametoka nje kuota jua. Mimi mzima.

Barua yako ilifika na lori la tarehe kumi na tano Novemba. Siku kumi na nne kabla yake, tarehe mosi, nilikuwa nimeweka sahihi. Miaka miwili mingine. Hapa mtu akishaweka sahihi, kitambulisho chake kinawekwa kwenye kabati la ofisi mpaka mkataba uishe. Nimeomba wanirudishie, karani akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana. Akasema basi rudi kazini.

Wiki tatu nimetembea na barua yako kwenye buti. Nilianza kukuandikia kwamba ungesema mapema, ungesema Agosti, ningerudi. Nimeichana hiyo. Ni uongo. Hata Agosti ningetafuta sababu, na ningeipata.

Umeniambia yako, nakuambia yangu. Siku ile mama alipoanguka jikoni, wewe ulikuwa shule. Mimi nilikuwa uani, chini ya gari, nafunga nati ya sampo, ile ya kumwagia oili. Mama aliniita. Aliita jina langu mara moja, vibaya, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Nikasema, "Nakuja." Nati ilikuwa imekaa kombo. Nikaitoa, nikaifunga upya, nikaifuta mafuta. Nilimaliza kazi nzima ndipo nikanawa mikono. Hospitali walisema tungemfikisha mapema kidogo mkono ungepona. Nilisimama pale nikatikisa kichwa, kama wewe.

Mwezi mmoja na nusu baadaye nikaondoka. Sasa unajua kwa nini nataka gari na siwezi kuifikia nyumba. Nilidhani likiwa huku, limelala chini, zuri, litakuwa gari jingine.

Usimwambie mama. Nakuomba sana.

Gari mwambie Chini arudishe springi za baba, limbebe mama. Bahasha ya pili itumie kwa hiyo. Na chuo waandikie wakuhifadhie nafasi. Miaka miwili si mingi, wewe bado mdogo.

Nisamehe,
Kaka yako

20 Desemba

Kaka,

Tuko gereji. Naandika juu ya boksi la springi zako za bluu, ambazo zimeshatoka kwenye gari, na mzee Breki anakuja kuichukua barua awahi lori la saa kumi. Mama yuko kwenye kile kiti cha basi, amevaa blauzi ya vifungo saba.

Nilizungumza na Fundi Chini mwenyewe. Alikuwa uvunguni, kompresa inanguruma, nikainama nikamwambia, "Rudisha za zamani zote nne!" Viatu vikatulia. Akajitoa mpaka kifuani akanitazama. "Kumbe una sauti? Mimi nilidhani Septemba nilihudumia kivuli." Nikampa bahasha. Akasema hiyo ni ya kurekebisha, na bei ya kurudisha haimo kwenye fomu zake. Nikamwambia aiandike, nitamtafsiria. Nikamwambia pia kwamba lile pengo nilimdanganya. Akakuna kidevu kwa spana. "Vidole vyangu vilishuku," akasema, "ila macho yako yalikuwa yanasema usiulize." Hakuniongezea hata senti, na hakuniambia si kitu.

Mama akaniita nikae. Akasema, "Barua ya kaka yako umeilalia tangu juzi. Isome."

Nilianza kusoma kama ninavyosoma siku zote. Mama anaendelea vizuri, mimi mzima. Akasema, "Yote." Nikasema ndiyo yote. Akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, akaniambia, "Kurasa mbili za yeye mzima?"

Uliniomba nisimwambie. Nimemsomea yote, kaka, pamoja na mahali uliponiomba nisimwambie. Nimemsomea na kuhusu chuo. Nimechoka kuwa mahali ambapo maneno yenu yanakuja kufia.

Mama akasema alikusikia. Akiwa sakafuni pale jikoni alikuwa anaisikia spana yako, na hakujua muda unaenda. Alikuwa anajua tu kwamba spana ikisikika, wewe uko karibu. Aliogopa iliponyamaza.

Halafu akasema, "Chukua kalamu. Leo nasema mimi, na wewe usinipambie." Kwa hiyo kuanzia hapa ni yeye.

Mwanangu. Sikuanguka kwa ajili yako. Damu ilipanda, nikaanguka. Lakini nilikuita hukuja, na hilo ni kweli pia, usilifiche tena mahali. Limeshasemwa, sote tunalo, halitamla mmoja peke yake. Nilikuwa na miaka miwili ya kukasirika na wewe, na nimeitumia yote. Imekwisha. Ruhusa ukipata, njoo. Usipopata, andika, ila usiniambie umenenepa.

Hiyo miaka miwili uliyompa dada yako haikuwa yako kutoa. Mimi ndiye nimekuwa naichukua, kila asubuhi, na nikijua. Nilifikiri hana pa kwenda, nikafurahi hana pa kwenda. Ninyi wawili mmeungama, na mimi hiyo ndiyo yangu.

Anaondoka tarehe kumi Januari, siku mbili kabla, apate kitanda cha karibu na dirisha. Sikuombi, nakuarifu.

Hapo nikasimamisha kalamu, kaka. Haya tena ni mimi. Nikamuuliza, "Mama, Alhamisi nani atakunyanyua kutoka kwenye kiti cha gari? Mzee Breki mwenyewe mgongo hana."

Akasema, "Andika tarehe."

"Na usiku ukitaka kwenda chooni? Shangazi ana watoto wanne, hawezi kulala kwetu."

"Kumi Januari. Umeandika?"

"Nimeandika. Mama, na vifungo?"

Akaangalia gari, Fundi Chini analishusha kutoka kwenye jeki.

"Basi," akasema, "funga bahasha."